Chakula cha Wazee na Vidonge vya Umri Mrefu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nimetakiwa niseme machache juu ya chakula cha wazee wetu na vidonge viuzwavyo siku hizi kwa jina la kurefusha umri. Ajali i mkononi mwa Mola, kidonge hakiisogezi. Lakini kuutunza mwili ni amana tuliyopewa.

Mjomba wangu aliuza madebe mawili ya mawese akanunua chupa za vidonge hivyo kwa mchuuzi mmoja, na kwa kuviamini akaacha dawa za presha alizoandikiwa na daktari. Haukupita mwezi akapigwa na kiharusi. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Baadhi ya vidonge vya namna hii hutiwa karotini, nayo ndiyo ile ile inayoyapa mawese yetu wekundu wake, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Katika nchi ya Finland walijaribiwa wanaume 29,133 wavutao sigara. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliopewa karotini ya vidonge waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao wasiopewa. Basi chenye heri chunguni si lazima kiwe na heri chupani.

Nisije nikadhaniwa nasifu kila la kale. Mwaka 1960 wastani wa umri wa mtu katika Burundi haukufika miaka 50. Leo umepita 60, na chanjo na dawa zina sehemu kubwa katika hayo. Na mawese yenyewe, karibu nusu yake ni mafuta mazito yasiyofaa kuzidishwa. Tena yakiunguzwa mpaka yakawa meupe, karotini yake imekwisha. Lakini ndagala aliwaye mzima na mifupa yake, maharagwe, lengalenga na kijiko cha mawese, ni nani awezaye kuitia sahani hiyo ndani ya chupa?

Wala si kila kidonge cha kukataa. Mama mjamzito asiache vidonge vya madini ya chuma apewavyo zahanati, wala mtoto mdogo matone yake ya vitamini A.

Mjomba sasa atembea kwa mkongojo na amezirudia dawa zake. Jioni huletewa ndagala wa kuchemsha, chumvi kidogo, naye hula akinung'unika.