Tairi Pana kwenye Camaro ya 1969

Msikilizaji, leo tupo chini ya Chevrolet Camaro ya 1969, gari la Kimarekani ambalo wenyewe hawaachi kulivalisha tairi pana nyuma. Soma ubavu wa tairi: 245/60R15. Hiyo 245 ni upana kwa milimita, 60 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni inchi za rimu.

Upande wa ndani tairi linapakana na springi za chuma bapa, nje na ukingo wa bodi. Usipime nafasi hizo gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Ekseli imeshuka, nafasi itakudanganya. Lishushe likanyage chini, pakia watu nyuma, ndipo upime. Kwenye kona ekseli huyumba kidogo pembeni, kwa hiyo nafasi ya unene wa kidole ni finyu mno kwa ladha yangu.

Ekzosi nayo hupinda juu ya ekseli. Ikifungwa karibu mno, gari likidunda bomba litagonga, na joto lake litaunguza mpira. Tairi kwanza, bomba baadaye, wala si kinyume. Na usijaribu injini ndani ya gereji iliyofungwa: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.