TUCHORE NJIA ZA TEMBO SISI WENYEWE
(Hotuba ya Katibu wa Tawi la Chama katika mkutano wa wanaushirika)



Leo hatusemi habari za bei ya pamba wala dawa za wadudu. Tunasema habari za ramani. Wengine wataguna, ati ramani ni kazi ya wapimaji wa wilayani, sisi na ramani wapi na wapi? Basi tusikilizane.

Pori la Akiba la Maswa liko hapo upande wa mawio. Linaitwa la Maswa, lakini siku hizi limepakana na Meatu, Itilima na sisi wa Bariadi. Wilaya ziligawanywa, jina likabaki. Nyuma yake ni Serengeti. Tembo hana habari na mipaka hiyo. Anatoka giza likiingia, anamaliza mahindi na mtama, alfajiri amekwisharudi. Kinachobaki ni nyayo, na mtu aliyekesha kwenye dungu anapiga debe mpaka mikono ikachoka.

Sasa mtu huyo akienda kudai kifuta jasho, ataulizwa nini? Kanuni za mwaka 2011 zilipima umbali. Shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu, na anayelipwa hakulipwa zaidi ya ekari 5. Viwango vya serikali hubadilishwa, lakini swali la kwanza linabaki lile lile: shamba liko wapi? Ukijibu "pale karibu na mkwaju mkubwa", sisi tunakuelewa, fomu haikuelewi.

Tutoe mfano wa zamani, hapa hapa jirani. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Wakoloni walipotaka kuchora mipaka mipya, Mjerumani mmoja, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael waliruka mwaka 1957 na 1958 kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia. Walihesabu wanyama na kufuata njia za nyumbu. Wakaona kwamba wakati wa mvua nyumbu huenda kwenye mbuga ambazo mstari mpya ulikuwa unaziacha nje. Michael alikufa ndege ilipoanguka Januari 1959, na mwaka huo huo mipaka ikabadilishwa vile vile. Nyumbu waliendelea na njia yao. Nao Wamasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa Ngorongoro. Mstari ulikuwa umechorwa mezani, ndugu zangu, na waliohama ni watu.

Siku hizi Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, inahesabu tembo kwa ndege, na baadhi ya tembo wamevishwa mikanda shingoni inayopeleka habari kwa setelaiti, wapi walipo na wanaelekea wapi. Kazi hiyo ina faida. Kwa hesabu hizo ndipo nchi ilipojua kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na ikajua ni maeneo gani ujangili ulikuwa mkali zaidi. Lakini tembo wenye mikanda ni wachache. Hao wanaoingia kwetu usiku, anayejua njia zao ni nani kama si sisi?

Juzi katika darasa la elimu ya watu wazima tulijaribu. Tulichora kijiji chini kwenye udongo: mto kwa jivu, barabara kwa vijiti, ngitili kwa majani mabichi, nyumba kwa punje za mahindi. Wazee wakaonyesha njia ya tembo ya zamani, kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Akina mama wakacheka, wakasogeza vijiti. Walisema tembo sasa wanapita kwenye dimbwi ambalo wanaume hawalijui, maana hawaendi kuchota maji. Mtoto mchunga ng'ombe akaongeza njia ya tatu. Kwa saa moja tulipata mambo ambayo hayamo katika karatasi yoyote ya ofisini.

Tunajua woga uliopo. Mtu anasema, ukionyesha njia ya tembo, kesho shamba lako linaitwa ushoroba. Jambo hili si jepesi na hatutalifunika. Njia mbili kati ya zile tatu zinapita kwenye mashamba ya wanachama waliokaa humu ndani. Lakini mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji haupiti bila Mkutano Mkuu wa Kijiji, na ni heri tuingie mkutanoni na ramani yetu mkononi kuliko kuletewa ya wengine tuipigie makofi. Maoni yetu ni haya: penye njia pawe ngitili, kama tulivyozoea tangu babu zetu, na kama mradi wa HASHI ulivyohimiza tangu mwaka 1986. Na mwenye shamba hapo aonyeshwe kwanza atalima wapi, iandikwe katika muhtasari, ndipo mstari upite. Kinyume cha hapo sisi hatutanyoosha mkono.

Kuanzia leo kuna daftari kwa karani wa ghala. Tembo wakiingia, andika tarehe, saa, idadi yao, walikotokea, walikoelekea, shamba la nani, zao gani, ekari ngapi. Asiyeandika vizuri amwambie karani. Kijana mwenye simu ya jipiesi apime pale pale shambani, asipime akiwa kilabuni. Daftari lifungiwe kabatini na lisisomwe mbele ya wageni, kwa kuwa jangili naye anatafuta habari hizo hizo.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane nje ya ghala tuchore kijiji kizima. Kila shina lilete wazee wawili, akina mama wawili na mchungaji mmoja. Jivu lije kwenye ndoo, lakini lisiwe la moto, maana juzi mtu alituunguza.