Sumu ya Nyoka na Moyo wa Mtu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo hatuzungumzii mbuzi wa maziwa wala mchango wa mwezi. Tunazungumza juu ya nyoka, maana wengi wetu tunalima miguu mitupu.

Tumezoea kufikiri kwamba aliyeumwa na nyoka ana shida ya mguu tu. Sivyo. Sumu husafiri, na moyo pia huumia. Moyo ni kama pampu ya kisima: maji yakipungua kisimani, pampu hata ikiwa nzima itavuta nini?

Ndivyo afanyavyo kifutu, yule nyoka mnene anayelala njiani. Sumu yake huharibu mishipa midogo ya damu, maji ya damu yanavuja na kuingia mguuni. Ndiyo sababu mguu unavimba. Damu inayofika moyoni inapungua, presha inashuka, mgonjwa anatoka jasho baridi na kuzimia.

Koboko ana njia yake. Sumu yake hukata habari kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Kope zinalegea, kumeza kunashindikana, kifua kinaacha kuvuta hewa. Moyo ukikosa hewa husimama. Tena mwaka 1991 wataalamu walieleza kwamba ndani ya sumu hiyo mna kitu kinachofunga milango ya kalsiamu katika misuli ya moyo. Bila kalsiamu, moyo hauwezi kujikaza.

Na ajabu ni hii: sumu ya nyoka mmoja wa Brazili, inayoshusha presha, ndiyo iliyowaonyesha wataalamu njia ya kutengeneza kaptoprili, dawa ya presha iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Lakini dawa hupimwa. Nyoka hapimi!

Sasa tufanye nini? Mgonjwa asitembee wala kukimbia, maana misuli ikifanya kazi huisukuma sumu. Tumvue pete na bangili, tufunge kijiti kando ya mguu usichezecheze, tumbebe. Akitapika alale kwa ubavu wa kushoto. Tusichanje, tusinyonye, tusikaze kamba.

Na tuseme ukweli: hata sisi wahudumu wa kanisa tuliwahi kulisifu jiwe jeusi. Jiwe hilo halitoi sumu. Linapoteza saa ambazo moyo hauna. Kinachozima sumu ni dawa yake maalum ya hospitali, na si kila dispensari inayo.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ni hospitali gani ya karibu yenye dawa hiyo? Nani ataenda kuuliza wiki hii?
2. Usiku wa manane, nani ana gari au pikipiki, na nauli itatoka wapi?
3. Tukianza na shilingi chache kila mkutano, mfuko wetu wa dharura utafika wapi kabla ya mvua?

Haya, tusingoje mpaka mwenzetu aumwe.