Sindimba, Tingatinga na Watoto Wetu
Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe ya Uhuru, Fisksätra

 

Kamati imetupa dakika kumi. Sisi wauguzi tumezoea zamu ndefu, kwa hiyo mtuvumilie kidogo. Mada ni waasisi wa ngoma za jukwaani na uchoraji nyumbani Tanzania, na wanatuhusu nini sisi wa Fisksätra, ambako tarehe 9 Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri.

Tuseme wazi kilichotuleta kwenye mada hii. Mwaka jana vijana wetu walicheza sindimba, na katikati wakaingiza hatua wanazojifunza huku. Baadhi ya wazee walitoka ukumbini. Sasa lipo pendekezo kwamba kikundi cha vijana kicheze ngoma za asili tupu, au kisipande jukwaani. Kura itapigwa kwenye mkutano wa Februari. Sisi hatuungi mkono pendekezo hilo, na tutawaeleza kwa nini, bila kuwavunjia heshima wazee wetu.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Alilalamika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na chachacha lakini hawakuwahi kucheza ngoma za kwao, hata kuzisikia hawakuzisikia. Mwaka uliofuata kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Wachezaji wake walikusanywa kutoka makabila mbalimbali, na kila mmoja akajifunza ngoma za mwenzake.

Hebu tufikirie kazi waliyopewa. Kwa Wamakonde sindimba haikuwa tamasha la wageni waalikwa. Ilikwenda na jando na unyago, ikiwa na mafunzo yake na wakati wake, na waliotazama walikuwa ndani ya mduara, si kwenye viti. Waasisi wa kikundi cha taifa waliifungua ile duara, wakapanga safu inayotazama watazamaji, wakaikata ngoma ya usiku kucha ikawa ya dakika chache, wakaifundisha kwa Mhaya na Mgogo. Walikuwapo waliolalamika kwamba mafunzo yameachwa kijijini na kilichobaki jukwaani ni kiuno tu. Tunadhani walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini sindimba tuliyofundishwa wengi wetu shuleni, hii tunayoiita asili tupu, ndiyo hiyo iliyokwisha kubadilishwa. Ni mpya kuliko baadhi ya wazee waliotoka ukumbini.

Mwaka 1981 kazi hiyo ilihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Watoto mjue kwamba nchi hii mnayosoma, Sweden, ilikisaidia chuo hicho kwa miaka mingi. Pale alifundisha marehemu Dakta Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyepeleka zeze, ilimba na nyimbo za Kigogo hadi majukwaa ya Ulaya. Alipiga ilimba kubwa yenye vyuma vingi kuliko ya kawaida. Hatujasikia mtu akisema Zawose aliharibu muziki wa Wagogo.

Sasa uchoraji. Watoto hucheka wakisikia jina Tingatinga, maana wanaona lile gari la kuchimbua barabara. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Alianza kuchora kama mwaka 1968, akitumia alichoweza kununua: mbao nyembamba za kupigia dari, zilizokatwa vipande vya kama futi mbili kwa mbili, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alichora chui, ndege, tembo, mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao mzima. Picha ziliuzwa Oysterbay, kwenye duka la Morogoro Stores, walikopita Wazungu.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa kazi hii: Tingatinga aliajiriwa pia Muhimbili, kama mhudumu wa wodi. Mtu aliyewahudumia wagonjwa, kisha akirudi nyumbani anashika brashi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayekimbia. Alichora kwa miaka minne tu hivi.

Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, wangeweza kuendelea kunakili chui wake. Wapo walionakili, na wapo wanaonakili mpaka leo kwa ajili ya watalii. Lakini wengine walijaza ubao kwa watu: soko, basi, hospitali, mganga na wateja wake. Wakaunda ushirika, na mtindo mzima ukabaki na jina la mwalimu wao ingawa yeye mwenyewe hakuchora mambo hayo.

George Lilanga naye alikuwa askari mlinzi pale Nyumba ya Sanaa kabla hajajulikana. Alichukua mashetani ya wachongaji wa Kimakonde akayatoa kwenye mpingo, akayapaka rangi kali, yakacheka na kucheza. Kisukari kilimpotezea miguu, naye akaendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 2005.

Wazazi wenzetu, hapa tunataka kuwakera kidogo. Mtoto akisema anataka gymnasiet asome dansi au uchoraji, nyumba nzima inaingia msiba. Tunamwambia asome uuguzi kama shangazi. Sisi ndio hao shangazi, tumesomea digrii zetu huku kwa Kiswidi cha kubabaisha na zamu za usiku, na tunaipenda kazi yetu. Msitutumie kama fimbo. Mtoto mwenye mguu wa ngoma aachwe ajaribu, na hesabu asome.

Nanyi vijana, hamjasamehewa. Waliobadilisha sindimba waliijua kwanza. Mwaka jana wapiga ngoma wawili tu ndio walioushika mdundo hadi mwisho, wengine mlifuata simu. Kabla hamjaongeza hatua zenu, jifunzeni wimbo wenyewe, na mwulizeni bibi yeyote wa Mtwara au Lindi aliyemo humu maana ya kila mchezo. Wapo, na wengine wanangoja tu kuulizwa.

Mazoezi yanaanza tena Jumamosi ya pili ya Januari. Ngoma zetu ngozi zinalegea kwa baridi, na humu ukumbini moto hauwashwi, king'ora kitalia. Mwenye mashine ya kukaushia nywele aje nayo. Kwa wachoraji tumeshanunua mbao kumi na mbili na rangi, si ya baiskeli. Wazee mliotoka mwaka jana, viti vyenu tutaviweka mstari wa mbele siku ya mazoezi, mje mkosoe hapo hapo. Mkishaona ndipo mpige kura Februari.

 Chakula kiko tayari, wanaobeba sufuria waanze kupita.