Mboga Isiyo na Risiti

Mada iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya fedha katika hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Ilipotangazwa kwamba mhasibu atazungumza juu ya mboga na mapishi, niliona baadhi yenu mkitazamana. Mhasibu na sufuria wapi na wapi? Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tufungue daftari moja ambalo chama chetu hakijawahi kulifungua: daftari la mboga inayochumwa nyuma ya jiko asubuhi ikaliwa mchana, bila kupimwa wala kuandikiwa risiti.

Sote tunajua kwamba milima yetu ya Usambara inalisha jiji hili. Kabichi, karoti, nyanya, hoho na viazi vinapakiwa Lukozi, Mlalo na Soni, malori yanashuka Mombo na kushika barabara kuu kuja huku. Ni fahari yetu, na wengi tuliomo ukumbini tulisomeshwa na matenga hayo. Sina neno baya juu ya kilimo cha biashara. Neno langu ni juu ya hesabu zake.

Tenga la nyanya lina bei, kwa hiyo linaandikwa. Mnavu uliojiotea pembeni ya ukuta hauna bei, kwa hiyo unaandikwa sifuri. Na katika hesabu, kilichoandikwa sifuri ndicho cha kwanza kuondolewa. Ndivyo ilivyotokea. Palipokuwa na majani ya maboga, kunde, matembele na mchunga, leo mara nyingi utakuta mstari wa kabichi uliofika hadi mlangoni. Kabichi ikiuzwa, mama anarudi dukani na sehemu ya fedha ileile kununua kitoweo. Bei ya kabichi ikianguka, kitoweo hakipo, na mboga ya zamani ilishang'olewa.

Mboga hizo hazikuwa chakula cha shida. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti wake juu ya majani ya porini katika mlo wa watu wa Lushoto. Yale ambayo bibi zetu waliyachuma bila kufikiri mara mbili yalikuwa sehemu kubwa ya lishe ya nyumba. Yanaupa mwili vitamini A, madini ya chuma na folati, vitu ambavyo mtoto anayekua na mama mjamzito hawawezi kuvikosa. Kabichi ni mboga nzuri, lakini kwa vitamini A na madini ya chuma haifikii majani ya kijani kibichi.

Sasa tuje kwenye namba. Chukua kaya inayotumia shilingi 1,000 kwa siku kwa mboga za majani gengeni. Kwa juma ni shilingi 7,000. Kwa mwaka ni shilingi 365,000. Kaya yenye bustani ndogo inayotoa mboga siku nne kati ya saba inabakiza zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Fedha hiyo haionekani kwa sababu haikuingia mfukoni. Ilichofanya ni kutotoka, na shilingi isiyotoka ni sawa na shilingi iliyoingia.

Ili hesabu hiyo iwe ya kweli, mboga lazima ipikwe ikaliwa na watoto wakaomba tena. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kina mama nitaje milo mitatu ya kawaida. Hakuna hata mmoja unaohitaji viungo vya pakiti.

Mlo wa kwanza ni bada na mnavu wa karanga. Mnavu uoshwe kabla ya kukatwa. Ukiosha mboga iliyokwisha kukatwa, unamwaga virutubisho pamoja na maji. Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya, ikiiva tia mboga na chumvi, funika. Koroga karanga zilizosagwa kwa maji ya uvuguvugu, mimina, punguza moto, koroga zisishike chini. Ukiepua, kamulia ndimu. Watoto wasiopenda uchungu, changanya mnavu nusu na mchicha nusu, badala ya kuchemsha na kumwaga maji.

Mlo wa pili ni makande na majani ya maboga. Ndugu zetu Wapare wanadai makande ni yao, shauri hilo tutalimaliza nao siku nyingine. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, utaokoa kuni nyingi. Yakilainika, tia kitunguu, karoti na majani machanga ya maboga yaliyomenywa nyuzi. Kama una nazi, tia tui. Kama huna, karanga zinatosha. Mwisho kabisa nyunyiza kotimiri iliyokatwakatwa. Kotimiri ikichemka sana inapoteza harufu, na harufu ndiyo uliyoifuata.

Mlo wa tatu ni viazi vitamu, maharage na matembele. Kiazi kinakupa chakula chini ya ardhi na mboga juu yake, shina lilelile. Matembele hayataki moto mrefu: kitunguu, kitunguu saumu, mafuta kidogo, dakika chache, yamekwisha. Asubuhi yake kiazi kilichobaki kinaliwa na chai ya mchaichai uliootesha mwenyewe.

Kuna mambo manne ya kushika. Mafuta kidogo ni ya lazima, kwa maana mwili hauwezi kupokea vizuri vitamini A ya majani bila mafuta. Ndimu au limao husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na maharage. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini. Na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, inywewe baadaye. Wenye mashamba ya chai wa Bumbuli mnisamehe, sijasema isinywewe. Kuhusu kisamvu, hapo hakuna njia ya mkato: kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu.

Bustani yenyewe haihitaji ekari. Kipande cha hatua kumi kwa hatua tano karibu na jiko kinatosha kuanzia, mahali ambapo maji ya kuoshea mboga na mchele yanaweza kumwagwa bila kupotea. Mchicha unachumwa ndani ya mwezi mmoja. Matembele unapanda marando, huhitaji kununua mbegu. Kunde inatoa majani kwanza na punje baadaye, na majani yake yakikaushwa kivulini yanakaa hadi kiangazi. Pembeni weka mchaichai, kotimiri, pilipili na vitunguu vya majani. Chuma majani na vichomozo, acha shina lichipue tena. Acha pia mashina mawili matatu yazae mbegu, usiyaguse. Mbegu hiyo ndiyo akiba yako.

Kwa sisi wa mjini tuliopanga vyumba, gunia linatosha. Lijaze udongo na samadi, katikati weka mawe madogo ya kupitisha maji, toboa ubavuni, panda mchicha na matembele kwenye matundu. Linakaa kibarazani na mwenye nyumba hana la kusema.

Daftari la kweli lina pande mbili, na upande wa gharama lazima niusome. Bustani inataka maji, na kule kwetu kati ya masika na vuli maji hufuatwa mbali. Inataka muda, na muda huo kwa kawaida unatolewa na mama, ambaye tayari ana shamba, kuni na watoto. Tukisema kila nyumba iwe na bustani bila kusema nani atabeba ndoo, tumemwongezea mama deni tukaliita maendeleo. Kina baba na vijana, ndoo ya jioni ni yenu.

Gharama nyingine ni dawa. Nyanya na kabichi za biashara zinapigwa dawa, na kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya mazao kuliwa, zimeandikwa kwenye chupa yake. Mboga ya nyumbani ikiwa mita mbili kutoka kwenye mstari wa nyanya, upepo unaileta dawa kwenye sufuria ya mtoto. Kwa hiyo bustani ya kula itengwe na shamba la kuuza. Wadudu wa bustani ndogo wanaweza kuokotwa kwa mkono na kunyunyiziwa majivu. Na chupa tupu ya dawa kamwe isigeuzwe kuwa ya mafuta ya kula au ya maji.

Ndugu wanachama, sasa nieleze kwa nini haya yote yako kwenye mkutano wa harambee. Mradi wa mwaka huu ni bustani na tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye shule ya msingi ya kijijini kwetu. Wazazi wanachangia mahindi na maharage, na watoto wanapata makande mchana. Ni jambo kubwa na tuwapongeze wazazi hao. Lakini makande hayo hayana jani hata moja. Shule iko katikati ya milima inayopeleka mboga Dar es Salaam kila usiku, na sahani ya mtoto haina mboga. Eneo lipo, samadi ipo, paa la bati lipo. Kinachokosekana ni maji ya miezi ya ukame.

Bajeti ya tangi, mifereji ya paa na uzio mtaipata kwa mhazini, amebandika nakala mlangoni. Ombi langu ni dogo kuliko bajeti hiyo. Kila kaya itoe gharama ya mboga ya juma moja. Kwa ile kaya ya mfano wangu ni shilingi 7,000. Kaya 100 ni shilingi 700,000. Haitamaliza kazi yote, ndiyo maana wenye uwezo zaidi wako meza za mbele na tunawategemea. Lakini nataka kila mtu wa nyumbani, hata kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita, awe na ndoo yake ndani ya tangi lile.

La pili halihitaji fedha. Wazee wetu wa kike mlioko hapa na mlioko nyumbani mnajua mboga ambazo wajukuu wenu hawazijui hata kwa majina. Mnajua ipi inachumwa baada ya mvua ya kwanza, ipi inachanganywa na ipi kupunguza uchungu, ipi inapikiwa mzazi. Maarifa hayo nayo hayana risiti. Katibu ameahidi kuwa na daftari mezani kwake. Tunaomba kila bibi ataje mboga tatu kwa majina yetu ya Kisambaa na namna anavyozipika. Nakala moja itabaki kwenye chama, nyingine itakwenda shuleni pamoja na mbegu, ili mwalimu asiwafundishe watoto kupanda mchicha peke yake.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, kamati ya fedha italeta taarifa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: fedha zilizoingia na zilizotoka. Ya pili itasema ni siku ngapi katika muhula watoto walikula mboga ya bustani yao. Kama idadi hiyo ni ndogo, mtatuuliza kwa nini, na mtakuwa na haki, maana itakuwa imeandikwa.

Mhazini yuko mkono wa kulia, na katibu yuko karibu naye na daftari la bibi zetu. Karibuni.