Kazi ya Mikono na Shukrani
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu. Nami nasema "kusimama" kwa desturi ya maneno tu, kwani nyote mwaniona nimeketi. Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya watu wenye ulemavu na kazi za mikono. Nitasema niyajuayo.

Nilipatwa na ugonjwa wa polio nikiwa mtoto wa miaka mitatu. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo ilikwisha kutangazwa huko Marekani mwaka 1955, lakini nyumbani kwetu ilikuwa haijafika. Homa ilikaa siku chache, na ilipoondoka ilikwenda na nguvu za miguu yangu. Tangu hapo nikawa mtu wa kupewa. Nilipewa chakula, nilipewa nguo, na kila Ijumaa mzee mmoja jirani yetu, akitoka msikitini, alipita barazani akanitia sarafu mkononi. Nami nilijibu kila mara, "Ahsante, babu." Mzee yule namwombea dua hata leo, maana alitoa kwa moyo safi. Lakini, wazee wangu, nawaambia kweli: mtu asemaye ahsante kutwa kucha, wala yeye mwenyewe haambiwi, mwishowe neno hilo humkauka mdomoni. Nilishukuru kwa ulimi, na moyoni nilikuwa na uchungu.

Bibi yangu alikuwa msukaji wa mikeka. Siku moja, yamkini kwa kuchoka kunitazama nimeinamisha kichwa, alinitupia mapajani fungu la kindu akasema, "Miguu imelala, vidole havijalala." Akanifundisha kuanika majani na kuyachana, kuyachemsha katika rangi, kusuka ukili, na kisha kushona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukatimia. Ukili wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya nyoka. Bibi aliufumua wote pasipo neno, nikaanza tena.

Nakshi ya mkeka ni hesabu. Ukikosea jani moja, nakshi yote hupotoka. Kazi ile haikuniuliza kama naweza kutembea. Iliniuliza kama hesabu yangu ni sahihi. Hapo ndipo nilipoanza kujihesabu kuwa mtu miongoni mwa watu.

Ulipotimia msala wangu wa kwanza, wa rangi nyekundu na nyeusi, bibi alitaka tuuuze. Nilikataa. Ijumaa ile, mzee aliponyosha mkono wake na sarafu, nami nilinyosha wangu na msala. Alinyamaza kitambo, akauliza bei. Nikamwambia hauna bei. Ndipo akasema, "Ahsante, mjukuu wangu." Katika maisha yangu yote nilikuwa sijaambiwa neno lile. Ijumaa iliyofuata hakunipa sarafu: aliketi barazani tukazungumza, akaagiza mikeka miwili ya nyumbani kwake, kwa bei ya sokoni. Tangu siku hiyo nimeweza kushukuru pasipo uchungu, kwa ajili ya mikono yangu, kwa ajili ya bibi yangu, na hata kwa ajili ya zile sarafu.

Sisemi kwamba kazi ya mikono ni dawa. Miguu yangu haijaamka, na ngazi za ofisi nyingi bado zanishinda. Nasema tu kwamba atoaye hupata nafsi yake. Wenzetu walilitambua jambo hili zamani. Chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo nchini Kenya, kiitwacho kwa ufupi APDK, kiliundwa mwaka 1958. Na mwaka 1969 karakana za Bombolulu, Mombasa, zilianzishwa, ambako watu waliodhaniwa kuwa mzigo walitengeneza mapambo, nguo, vitu vya ngozi na vinyago, wakalisha jamaa zao. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, yaagiza kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa jina lisilomdhalilisha. Lakini heshima ya sheria hukomea mlangoni, ikiwa sisi wa ndani hatukuikaribisha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mwanachama mwenye mtoto aliyefichwa chumbani, amtoe nje. Hujafa hujaumbika, hapana haja ya kuona haya. Pili, sehemu ya fedha za msaada, ambazo twazigawa kila mwaka kwa chakula na nguo, itengwe kwa kununua vifaa na kumlipa mwalimu wa kazi. Tatu, mkiletewa kazi ya mikono yetu, msiinunue kwa huruma. Ikiwa mkeka ni mbovu, urudisheni. Tutaufumua, tuanze tena. Ikiwa ni mzuri, lipeni bei yake.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumezoea kuwasomea wenye mali. Naomba tuisome pia kwa wasio na miguu na wasio na macho, kwani nao wana moyo wa kutoa; walichokosa ni nafasi.