Hotuba kwa Vikundi vya Vijana: Kuchanga Fedha za Mashua Mpya



Shauri la leo lahusu vikundi vya vijana vinavyotaka kununua mashua mpya ya makasia. Huenda mtu wa mlimani akauliza, "Mashua ya nini kwetu, nasi tu mbali na bahari?" Jibu lake limo katika mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968. Yakafuata ya Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo yalijengwa kwa ajili ya umeme, lakini nyuma ya kuta zake yalitokea maziwa, na ndani yake wamo perege na kambare. Maji ya Rupingazi, upitao mjini Embu, huungana na Thiba na kuingia Kamburu. Hivyo watu wa kingo za Mbeere, ambao babu zao walikuwa wakulima na wafugaji, wengine wao wamekuwa wavuvi.

Kazi hiyo yahitaji chombo kizima. Mashua iliyooza mbao ni adui wa mwenyewe. Upepo wa alasiri huinua mawimbi ghafula, na katika maji hayo wamo viboko na mamba. Kijana akizama, nyumba yake hupoteza mtu, wala samaki wa mwaka mzima hawawezi kumrudisha. Kwa hiyo kuchanga fedha za mashua si jambo la fahari, bali ni kulinda maisha.

Basi fedha zitoke wapi? Kwanza zitoke kwa wanachama wenyewe. Chukueni mfano wa kikundi chenye vijana 20. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa juma, kwa juma moja zitapatikana shilingi 1,000, na kwa majuma 52 zitakuwa shilingi 52,000. Haba na haba hujaza kibaba. Tena jirani atakayeombwa msaada ataona kwamba waombaji wamekwisha kutoa jasho lao. Vijana waweza pia kulima shamba la mtu kwa ujira, au kuuza miche na mboga sokoni, na ujira wote ukatiwa katika sanduku la kikundi.

Pili, iko njia ya harambee. Kabla ya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, neno hilo lilikuwa wito wa watu wa kazi wa pwani walipovuta mzigo mzito kwa pamoja. Maana yake ni kwamba kila mkono huvuta, wala hapana anayesukumwa. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliwakataza watumishi wa serikali kutumia vyeo vyao kuwalazimisha watu kuchanga. Kwa hiyo haifai kumtuma mkubwa kuwatoza watu kwa vitisho. Kabla ya kuwaita watu, viongozi na waende katika ofisi ya utawala kuuliza habari za kibali.

Tatu, uko mkopo. Mfuko wa Maendeleo ya Biashara za Vijana, ulioanzishwa mwaka 2006, na Mfuko wa Uwezo, uliozinduliwa mwaka 2013, ilikusudiwa kuvikopesha vikundi vilivyoandikishwa. Lakini mkopo si zawadi. Mwenye kukopa na ahesabu kwanza samaki watakaouzwa miezi ya uvuvi mbaya, si miezi ya neema tu.

Lakini neno kubwa kupita yote ni hili: wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vingi havivunjwi na umaskini, huvunjwa na shaka. Mtu aliyetoa shilingi 100 asipoambiwa ilikwenda wapi, mwakani hatatoa hata senti moja, na atakayeadhibiwa ni kijana mwaminifu atakayekuja nyuma. Hapana budi mweka hazina atoe stakabadhi kwa kila mchango, hata ukiwa mdogo. Fedha zikae benki, zitolewe kwa sahihi za watu watatu, na hesabu isomwe mbele ya watu wote kila mwezi. Asiyejua kusoma naye ana haki ya kuisikia.

Mwisho, bei ya mbao na ufundi si bei yote. Kikundi kiandike pia gharama ya makasia, kamba, leseni na koti la kuokoa maisha kwa kila atakayepanda. Tena kiweke akiba ya kuziba nyufa na kupaka rangi, kwa maana mashua isiyotunzwa leo itaombewa harambee nyingine kesho. Ikiwa fedha hazikutosha vyote, ni heri mashua ndogo yenye makoti kamili kuliko mashua kubwa isiyo na hata moja.

Wapiga makasia wasipopiga pamoja, mashua huzunguka pale pale. Kadhalika kikundi. Vijana wenye nia moja na daftari safi hawatakosa mtu wa kuwasaidia, na siku mashua yao itakaposhushwa majini, kila aliyetoa shilingi yake ataweza kusema kwa haki, "Ile ni yetu."